Redio Inapouliza: Je, Wewe Ndiye Mwenyewe?



Kijana mwenzangu, leo nataka nikusimulie jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu bila kuliandika. Linahusu redio ya gari. Usicheke kwanza. Ndani ya redio hiyo kuna swali ambalo tumefundishwa tangu tukiwa watoto wa Komunyo ya Kwanza, na mimi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, tena kwa gharama.

Swali lenyewe ni hili: kama una ujuzi wa kufungua kitu, na mtu amekuja na hela yake mkononi anataka umfungulie, je, inakuhusu kujua kitu hicho ni cha nani? Au wewe kazi yako ni kufungua tu, mengine ni juu yake na Mungu wake?

Redio inaomba "kodi"

Mjomba wangu ni fundi umeme wa magari hapa Songea, ana kigereji chake upande wa Mfaranyaki. Nilipomaliza kidato cha sita, wakati nasubiri mambo ya chuo, nikawa nashinda naye pale. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya redio.

Kama hujawahi kukutana na hali hii, iko hivi. Betri ya gari ikifa kabisa, au ikitolewa ili ibadilishwe, kuna redio ambazo zikiwashwa tena hazipigi. Kioo kinawaka, lakini badala ya stesheni kinataka namba ya siri. Mafundi wanaiita "kodi", na si ile ya TRA. Sababu ni kwamba kuna waya mmoja unaoipelekea redio umeme muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Waya huo ukikosa umeme, redio inajihesabu kwamba imeng'olewa. Miaka ya 1980 na 1990 wizi wa redio za magari ulikuwa tatizo kubwa huko Ulaya na Marekani, na watengenezaji wakaona dawa ni hii: redio ikitoka kwenye gari lake, igome mpaka mwenyewe aingize namba yake. Mara nyingi namba hiyo ni ya tarakimu nne au tano, imeandikwa kwenye kadi ndogo inayokaa pamoja na kitabu cha gari. Ukibahatisha ukakosea mara kadhaa, redio inajifunga zaidi. Nyingine mpaka uiache ikiwa imewashwa kama saa nzima ndipo ikuruhusu kujaribu tena.

Angalia akili iliyomo humo. Kufuli hili halimzuii mwizi kuingia kwenye gari, wala halimzuii kuichomoa redio. Linachofanya ni kumharibia soko. Kama redio ya wizi haipigi, nani atainunua? Na kama hakuna wa kuinunua, ya nini kuvunja kioo cha mtu usiku?

Sasa njoo Tanzania. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Aliyekuwa na ile kadi ndogo alishauza gari miaka mingi akiwa huko huko, na kitabu kikija, kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo mtu mwema kabisa, aliyenunua gari kihalali na kulilipia kila kitu bandarini Dar es Salaam, siku betri inakufa hapa Songea anakuta redio inamuuliza swali asilolijua jibu. Hili lishike vizuri, tutalirudia: kukosa namba si ushahidi wa wizi.

Nakumbuka mama mmoja mwalimu aliyeleta Honda yake ndogo mwezi wa sita, kipindi kile Songea baridi inakata mifupa na betri chovu zinakufa hovyo. Kila Jumamosi alikuwa anaendesha kwenda Peramiho kumwona mama yake mzazi, zaidi ya kilometa 20, na njia nzima alikuwa anasali rozari na Radio Maria. (Kwa wasiojua, Radio Maria Tanzania ilianzia hapa hapa Songea mwaka 1996.) Mama yule alisema, "Fundi, tangu imezima njia imekuwa ndefu."

Mjomba kabla ya kugusa chochote akamwomba kadi ya gari. Mama akashangaa kidogo, akafungua pochi, akaitoa. Mjomba akaisoma, akaandika namba ya gari kwenye daftari, ndipo akachukua bisibisi. Akaichomoa redio, akapiga picha ile karatasi iliyobandikwa ubavuni yenye namba ya utambulisho, akamtumia fundi mwenzake wa Dar mwenye programu ya kutafuta kodi. Baada ya nusu saa jibu likarudi. Akaniambia, "Mjomba, ingiza." Nikabonyeza tarakimu tano, na sauti ikatoka. Mama mwalimu alipiga makofi kama mtoto.

Baadaye nikamuuliza mjomba, "Sasa mama wa watu unamwomba kadi ya nini? Si unaona kabisa gari ni lake?" Akajibu, "Namwomba kila mtu." Basi. Mimi nikaona ni mambo ya kizee tu.

Alhamisi moja mjomba alipokuwa hayupo

Miezi miwili baadaye mjomba alikwenda Namtumbo kwenye msiba. Akaniachia gereji na kazi ndogo ndogo. Alhamisi mchana akaja kijana wa rika langu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, ameshika mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na redio. Gari hakuna.

"Kaka, inaomba namba. Nifungulie chap."

Nikaigeuza. Nyuma yake waya zilikuwa zimekatwa. Sasa mwenye redio, au fundi aliyetumwa na mwenye redio, hakati waya. Anachomoa soketi, ni kubana kile kidude cha pembeni na kuvuta, sekunde tatu umemaliza. Anayekata ni mtu mwenye haraka, tena gizani. Haya yote niliyajua, maana mjomba alikuwa amenifundisha.

Kijana akaweka elfu arobaini juu ya meza.

Nikwambie ukweli, vijana wa parokia tulikuwa tunajiandaa kwenda kwenye mafungo Peramiho, na mimi mchango wangu ulikuwa bado elfu ishirini na tano. Mwenyekiti alishanikumbusha mara mbili. Niliitazama ile hela, nikafanya hesabu: elfu kumi kwa fundi wa Dar, thelathini yangu. Nikapiga picha, nikatuma, kodi ikaja. Kitufe cha namba 3 kilikuwa kimeng'oka, kuna tundu tu, ikabidi nibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Redio ikafunguka. Kijana akasema "fresh", akaondoka.

Sikumuuliza kitu chochote. Wala jina sikumuuliza. Na sababu ya kutouliza ni kwamba nilikuwa najua jibu.

Jumamosi nikaenda kwenye mafungo kwa hela ile.

Utetezi wangu

Nilikuwa na hoja zangu, na nina hakika wewe pia unazo kwa mambo yako, kwa hiyo tuziangalie bila kuoneana aibu.

*Hoja ya kwanza: mimi sikuiba.* Kweli, sikuvunja kioo cha mtu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 1868) inatukumbusha kwamba tunahusika na dhambi za wengine pale tunaposhirikiana nao: kwa kushiriki moja kwa moja, kwa kushauri, kwa kusifia, kwa kutozuia pale tunapopaswa kuzuia, kwa kuwalinda watenda maovu. Rudi kwenye akili ya kufuli lile. Mwizi aliyeshika redio isiyopiga ameshika kopo. Mimi ndiye niliyeligeuza kopo kuwa mali. Bila mimi wizi ule ulikuwa haujakamilika.

*Hoja ya pili: ningekataa, angeenda kwa fundi mwingine.* Hii ndiyo hoja inayotumaliza vijana. Lakini hebu ipeleke mahali pengine. Daktari aseme, nisipomtoa huyu mimba atatolewa na mwingine. Mwalimu aseme, nisipouza mtihani huu atauza mwenzangu. Kila mmoja akisema hivyo, hakuna atakayekuwa wa kwanza kukataa, na uovu utakuwa hauna mwenyewe. Mungu hatakuuliza fundi wa gereji ya pili alifanya nini siku ile. Atakuuliza habari ya mikono yako.

*Hoja ya tatu: sikujua.* Hii ndiyo niliyoishikilia zaidi, kwa sababu kidogo inafanana na ukweli. Hakuna aliyeniambia, "Kaka, hii ni ya wizi." Na nimesema mwenyewe kwamba kukosa namba si ushahidi. Lakini kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta akakosa, na kuna kutojua kwa mtu aliyejiziba macho makusudi. Kanisa linatufundisha kwamba mtu asipojisumbua kutafuta ukweli na wema, kutojua kwake kunaweza kuhesabiwa juu yake (KKK 1791). Tena kujifanya hujui hakupunguzi kosa, kunaliongeza, maana kunaonyesha jinsi ulivyokuwa unalitaka (KKK 1859). Swali moja tu, "Gari liko wapi?", lingetosha. Mimi nililimeza kwa elfu thelathini.

Na kwa wale wanaopenda sheria ya nchi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi, huku unajua au una sababu ya kuamini ni ya wizi, kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo hata serikali inajali ulichokuwa na sababu ya kukijua.

Mwenye redio anafika

Wiki mbili zilipita. Jumatatu asubuhi, mjomba akiwepo, likaingia gari la abiria linalofanya safari za Mbinga. Kioo kidogo cha nyuma kimezibwa kwa nailoni na gundi, na katikati ya dashibodi kuna tundu lenye waya zimening'inia. Baba mwenye gari akaeleza kwamba usiku ule alikuwa amempeleka mkewe kujifungua. Gari akaliacha nje, akakaa na mkewe mpaka alfajiri. Alipotoka, mtoto amezaliwa salama, redio haipo.

"Redio yenyewe ya zamani tu," akasema. "Hata kitufe cha tatu mwanangu mkubwa alikinyofoa akiwa na miaka miwili. Nilikuwa napenda kumtania kwa hicho kitufe."

Nilikuwa nimeinama kwenye boneti ya gari jingine. Sikuinuka.

Mjomba akasema pole, akauliza kama alitoa taarifa polisi. Baba akasema ndiyo, lakini hakuhitaji kutafuta sana, mwizi anamjua. "Konda wangu. Yeye ndiye alijua gari liko wapi usiku ule, na wiki iyo hiyo namwona ana simu mpya. Nimemfukuza."

Ndugu yangu, hapo ndipo ile dhambi ndogo ya elfu thelathini ilipoota miguu. Mpaka dakika ile nilikuwa najiambia kwamba aliyeumia ni mmoja, na ameumia redio tu. Kumbe kuna kijana mwingine, hanijui, simjui, amepoteza kazi na jina kwa sababu yangu.

Mbuzi wa Tobiti

Usiku ule sikulala vizuri. Nikachukua Biblia, nikafungua kitabu cha Tobiti, kile ambacho wenzetu wa baadhi ya madhehebu hawanacho. Nilitaka sura ya malaika Rafaeli na safari ya Tobia, maana ndiyo nilikuwa naijua. Nikaanza mwanzo, na kwenye sura ya pili nikakutana na mbuzi.

Tobiti ni mtu mwadilifu, yuko utumwani Ninawi, anazika maiti za ndugu zake kwa hatari ya maisha yake. Amepofuka kwa kinyesi cha ndege kilichomdondokea machoni. Mkewe Ana ndiye anayefanya kazi za kufuma ili wale. Siku moja waajiri wake wanamlipa mshahara wake na kumwongezea mwanambuzi kama zawadi. Anafika nyumbani, mbuzi analia. Tobiti anasikia, anauliza katoka wapi, na moja kwa moja anawaza ni wa wizi. Anamwamuru mkewe amrudishe. Ana anamweleza kwamba ni zawadi. Tobiti hamwamini, anamwonea aibu. Mkewe anamjibu kwa uchungu, na Tobiti anabaki analia na kuomba kufa.

Soma taratibu utaona mambo mawili. La kwanza, Tobiti ana haki ya kuuliza. Nyumba yake haili cha wizi, hata kama wana njaa, hata kama mbuzi ameshafika mlangoni. Mimi niliyelishwa mafungo kwa hela ya wizi nilijiona mdogo sana mbele ya kipofu huyu. La pili, Tobiti alikosea. Aliuliza, akajibiwa ukweli, na hakuupokea. Alishatoa hukumu kabla ya jibu, na akamuumiza mtu aliyekuwa anamlisha.

Yule baba wa gari alikuwa Tobiti. Simu mpya ya konda ndiyo mbuzi aliyelia. Baadaye tulikuja kujua kwamba simu ile alitumiwa na dada yake anayefanya kazi Dar. Hakuna aliyemuuliza.

Kanisa lina jina kwa kosa hili: hukumu ya haraka, yaani kukubali moyoni ubaya wa mwenzako bila msingi wa kutosha (KKK 2477). Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho, anatoa mwongozo ambao natamani ubandikwe kwenye kila gereji: kwanza jitahidi kuyapokea vizuri maneno ya mwenzako, ukishindwa, muulize anamaanisha nini, na kama ni kweli anakosea, mrekebishe kwa upendo. Katikati ya kuamini kila kitu na kutuhumu kila mtu kuna kuuliza. Mimi nilikosea kwa kutouliza kwa sababu nilitaka hela. Yule baba alikosea kwa kutouliza kwa sababu alikuwa na hasira. Makosa mawili yanayotazamana, na mlango uliofungwa ni ule ule.

Hapo ndipo nilipomwelewa mjomba na ile "namwomba kila mtu" yake. Ukimwomba kadi ya gari mwenye kofia iliyoshuka peke yake, umemtukana. Ukimwomba kila mtu, mwalimu, padre, mkuu wa idara, bodaboda, hujamtuhumu yeyote. Kuuliza kwa usawa kunailinda mali ya asiyekuwepo na heshima ya aliyepo, yote kwa pamoja.

Kuungama, halafu?

Jumamosi nikaenda kwenye sakramenti ya Kitubio. Nikajieleza. Kwa kweli nilitegemea Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu, niondoke nikiwa mwepesi. Padre akaniuliza, "Mwenye mali unamfahamu?"

"Ndiyo, Padre."

"Basi una pa kuanzia."

Akanieleza kwa upole jambo ambalo vijana wengi tunalisahau. Mungu anasamehe kweli, lakini msamaha haurudishi redio kwenye dashibodi ya mtu. Haki inadai kilichochukuliwa kirudi kwa mwenyewe. Aliyeshiriki, au aliyefaidi huku akijua, naye anawajibika kurudisha kwa kadiri ya ushiriki wake na alichofaidi (KKK 2412). Zakayo hakuishia kushuka kwenye mkuyu na kumkaribisha Yesu. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wokovu uliingia kwenye nyumba ambayo hela ilikuwa inatoka.

Nikamuuliza Padre kama naweza kurudisha kimya kimya, nipeleke hela kupitia mtu mwingine. Akasema mara nyingine inawezekana, Kanisa halimlazimishi mtu kujivunjia jina pale ambapo si lazima. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini yule konda?"

Ndiyo. Hela ya siri ingeweza kulipa redio. Isingeweza kusafisha jina la konda. Hilo lilihitaji mdomo wangu.

Nilianza kwa mjomba, na hilo lilikuwa gumu kuliko kitubio. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema, "Mjomba, uliifungua kwa jina langu," akaenda kukaa nje. Kesho yake akaniambia twende pamoja.

Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mtoto mchanga. Akauliza swali moja: "Uliziona zile waya zimekatwa?" Nikasema niliziona. Akatikisa kichwa. Tukaenda polisi, nikaandikisha maelezo yote, pamoja na sura ya yule kijana kadiri nilivyoikumbuka. Niliogopa sana siku ile, sitakuficha. Kijana mwenyewe mpaka leo sijui kama alipatikana. Redio nililipa mimi: nilifanya kazi kwa mjomba miezi minne, posho yangu ikanunua redio nyingine ya mtumba na kioo kidogo, nikavifunga kwa mikono yangu.

Na konda? Tulimfuata nyumbani kwao Lizaboni. Mama yake akatuambia ameshaondoka, ameenda Tunduru kwenye machimbo ya madini, kwa sababu hapa mjini kila kituo walikuwa wanamwita mwizi. Tukampigia simu. Baba akamwomba radhi, akamwambia kazi yake ipo. Halafu nikapewa simu mimi, nikasema nilichokuwa nacho. Upande wa pili kukawa kimya. Mwisho akasema, "Sawa," akakata. Hakurudi.

Ningependa kukuandikia mwisho mzuri zaidi, lakini huo ndio uliopo. Kuna vitu unarudisha, na kuna vitu ukishavitoa haviko tena mikononi mwako kuvirudisha. Namwombea kila siku kwa jina lake.

Tufanye nini?

Labda wewe huna gereji. Lakini una ujuzi wa kufungua kitu fulani. Unafungua simu zilizofungwa. Unajua kuingia kwenye akaunti ya mtu. Unauza spea. Unanunua simu ya "bei ya kutupa" stendi bila boksi wala risiti. Basi chukua haya machache niliyojifunza:

1. Uliza kabla hela haijawekwa mezani. Hela ikishaonekana, swali linakuwa zito mdomoni. Mimi ni shahidi.

2. Uliza kila mtu swali lile lile. Gereji yetu sasa ina daftari: jina, namba ya gari, kadi ya gari. Mwenye redio mkononi bila gari anaambiwa alete gari au karatasi zake. Wapo wenye sababu za kweli, kama mtu ambaye gari lake liligongwa na anauza vilivyobaki. Huyo karatasi anazo, na hakasiriki akiulizwa kwa adabu.

3. Ukiwa na shaka ya kweli, usitende mpaka shaka iondoke. Kutenda huku moyo unakwambia "huenda hii ni ya wizi" ni kusema uko tayari iwe ya wizi. Shaka huondolewa kwa kutafuta, si kwa kuwaza kitu kingine.

4. Ukijibiwa vizuri, amini. Usiwe Tobiti wa sura ya pili. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba pale ambapo jambo halina uhakika, mwenzako ahesabiwe kwa upande wa wema. Afadhali udanganywe mara moja moja kwa kumwamini mtu kuliko kumvunjia heshima asiye na kosa.

5. Ulichokwisha kosea, rudisha. Anza na kidogo ulichonacho. Na kama kuna mtu anatuhumiwa kwa kosa lako, usisubiri mpaka aende Tunduru.

Mama mwalimu bado anapita gereji kwetu. Juzi alileta gari kubadilisha betri, na kabla mjomba hajafungua mdomo akatoa kadi ya gari, akacheka, "Najua utaniuliza." Nikaichukua, nikaandika namba kwenye daftari. Redio ilipowaka ikadai kodi yake kama kawaida. Safari hii tulikuwa nayo kwenye kumbukumbu, pembeni ya jina lake.

Tafakari wiki hii

Je, kuna kitu nyumbani kwangu au kwenye simu yangu ambacho sijawahi kuuliza kilitoka wapi, kwa sababu nahofia jibu? Je, kuna mtu nimemhukumu kwa "simu mpya" bila kumuuliza? Je, kuna nilichokiungama lakini sijakirudisha?

Tuombe

Ee Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo kabla hajarudisha chochote, ingia na kwangu. Nipe ujasiri wa kuuliza ninapotaka kunyamaza, na upole wa kuamini ninapotaka kutuhumu. Uwatazame wote walioumia kwa makosa yangu, hasa wale nisioweza kuwafikia tena, uwafikie wewe. Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, uliyeyafungua macho ya Tobiti, utuombee. Amina.

Mwenzako katika Kristo, kutoka Songea.